Mapigo ya Padri Aliyepumzika

Inatangazwa kwa waumini wote, majirani wanaojifanya hawasikii, na popo wa mnarani, kwamba chombo chenye kelele kuliko vyote parokiani kimekabidhiwa kwa mtu mwoga kuliko wote chini ya jua. Simameni. Mwenye kofia avue.

Mtu huyo ni Mshtuko. Jina la ubatizo analo, ila limechakaa kwa kutotumika. Anaogopa ngazi, na kazi yake ni ngazi. Anaogopa popo, nao ni wapangaji wa huko juu tangu enzi za babu yake. Zaidi ya yote anaogopa kengele kubwa, ambayo waumini wanaiita Bibi, asije akamwangukia kichwani. Ile ndogo inaitwa Kasuku, maana inasema sana na haina jipya.

Bibi alikuja kwa meli ndani ya kasha la mbao, akavutwa hadi mnarani na kundi la wanaume, babu yake Mshtuko akiwa wa mwisho kwenye kamba, mahali pazuri pa kukimbilia. Babu huyo ndiye aliyepewa kazi ya kupiga, akapiga mpaka akawa kiziwi. Baba akarithi kamba, naye akapiga mpaka akawa anajibu salamu za jana. Siku vita vilipokwisha, vijana walipanda wakashangilia kwa kumgonga Bibi kwa nondo, ukingo ukapata ufa. Tangu hapo kila akilia, mwishoni anakohoa.

Woga ndio uliomfanya Mshtuko awe fundi. Kila Jumamosi hupanda macho yamefumbwa, akipapasa vipandio, kopo la grisi kiunoni. Hukaza nati zilizokwisha kukazwa. Huchoma boriti kwa bisibisi akitafuta mchwa, na asipowaona huogopa kwamba wamejificha. Hufunga ngozi mpya kwenye ulimi wa Bibi, kile chuma kinachoning'inia ndani, usije ukaupanua ufa. Akirudi nyumbani mkewe humuuliza, "Leo umekufa?"

"Bado."

Juu ya hofu zote hizo, mwenyekiti wa kamati ya parokia akamwongezea moja. Mwenyekiti alitaka spika na kengele iliyorekodiwa: unabonyeza kitufe huku umekaa, basi.

"Kosa moja tu, Mshtuko," alimwambia mbele ya watu. "Moja. Nachukua ufunguo wa mnara, naleta spika."

Mshtuko akakosa usingizi. Bila kamba ile yeye ni nani? Mwoga asiye na kazi, na hao wako tele.

Sasa, Padri Mzee, yule mstaafu aliyembatiza karibu kila mtu mtaani, aliugua wiki nzima. Mchana mmoja Mshtuko akapita jikoni kwenye nyumba ya mapadri kumjulia hali. Mpishi ni shemeji yake, dada wa mkewe. Alimkuta mlangoni, macho mekundu, leso puani. Yalikuwa mafua, lakini nani angejua?

"Shemeji, Padri vipi?"

"Amepumzika."

Mshtuko akashika mlango asianguke. "Lini?"

"Sasa hivi tu. Tafadhali usipige kelele."

"Mungu amlaze pema."

"Amina," akasema shemeji, akapenga kamasi. "Maana jana hakufumba hata jicho."

Maneno hayo ya mwisho hayakumkuta. Mshtuko alikuwa keshafika nusu ya uwanja.

Misa inaitwa na Kasuku peke yake. Harusi na Pasaka, kengele mbili zinalizwa pamoja, ovyo ovyo, kwa furaha. Msiba ni wa Bibi: pigo moja, unasubiri kikohozi kiishe, ndipo pigo jingine. Lugha ya mnara inaishia hapo.

Alipiga huku analia. Mikono ilimtetemeka hata Bibi akatetemeka, na watu walisema baadaye hawajawahi kusikia msiba uliopigwa vizuri vile. Cherehani zikanyamaza. Kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu. Wanakwaya wakaja mbio wakilia kwa sauti tatu, kwa mazoea. Mwenyekiti alifika na futi mkononi, akaanza kupima ukuta wa nje wa chumba cha marehemu, kwani kamati ilikuwa na shida ya stoo.

Mshtuko akachungulia dirisha la mnara, jambo ambalo halifanyi kamwe. Kule nyuma ya watu, mlangoni pa nyumba ya mapadri, alisimama Padri Mzee na kanzu ya kulalia, mguu mmoja una kandambili, wa pili mtupu.

Nywele zikamsimama. Mzimu! Kisha mzimu ukapiga chafya, na hofu ya mizimu ikaipisha iliyo kubwa zaidi. Kosa moja. Ndilo lile pale, limevaa kandambili moja.

Sasa unaifutaje kengele? Haina "samahani". Kichwa kikamzunguka, akashika kamba zote mbili akaziliza pamoja kwa nguvu zote, akimaanisha: jamani, yuko hai, furahini!

Chini hawakuelewa hivyo.

"Anashangilia!" akapiga ukelele mama mmoja wa kwaya. "Padri hajapoa, yeye anapiga harusi!"

"Shuka, mwanaharamu wewe!"

"Mwacheni ashuke mwenyewe, asije akasingizia ngazi!"

Alishuka macho wazi, kwa mara ya kwanza maishani, maana kilichokuwa chini kilitisha kuliko ngazi. Mlangoni pa mnara mwenyekiti alikwisha kunyoosha mkono.

"Nilisema kosa moja. Hili ni moja na nusu. Lete ufunguo."

Mshtuko akautoa. Ulikuwa umelowa jasho.

"Ngojeni," ikasema sauti nyuma yao.

Watu wakageuka. Wanakwaya wawili wakazimia, mmoja akitazama kwanza pa kuangukia. Padri Mzee akapita katikati yao akichechemea.

"Nimeamshwa na msiba wangu," alisema. "Nikajigusa. Nikajiuliza, mbinguni gani huku kuna beseni langu?" Akamtazama mwenyekiti. "Na hiyo futi?"

"Nilikuwa... naangalia tu, Baba."

"Chumba changu kinatosha?"

"Kidogo, Baba," akajibu mwenyekiti, kabla hajajizuia.

Watu wakaangua kicheko, hata waliozimia.

"Mrudishie ufunguo. Hizo spika zako zisingenionyesha haya."

Ufunguo ulirudi, ukaanguka mara mbili kabla vidole vya Mshtuko havijaushika. Padri akamwekea mkono begani.

"Mwanangu, siku yangu ikifika kweli, usiogope. Panda unipigie vilevile, kwa machozi yale yale. Utanipigia?"

Mshtuko alimkagua kutoka kandambili hadi mvi.

"Nitakuja kukufinya kwanza, Baba."