Safari ya Chaki

"Mama Fundi, kesho unaenda na nani?" Nilimuuliza jirani yetu mshonaji nikiwa darasa la tatu, nimeegemea mlango wake. Kila Ijumaa jioni alipanga safari ileile ya bustani tulivu iliyo kando ya ziwa. Kwa chaki ya kukatia nguo aliandika mezani saa ya basi, saa ya kula, saa ya kurudi, na mshale mdogo wa kuonyesha benchi lililo karibu na maji. Kila mstari aliupuliza vumbi taratibu, utadhani anakata suti ya harusi. Kisha alichemsha mayai mawili. Jumamosi hakukosa mteja. Kitambaa kilitandazwa palepale, ratiba ikafutika, naye akabaki kushona. Siku ile alinicheka tu: "Wewe nawe kwa maswali! Hebu kula yai." Nikala. Sasa niko kidato cha tatu. Juzi, akinipima sketi ya shule, alitoa pini midomoni akasema bila kuniangalia, "Uliniuliza naenda na nani. Na wewe, mwanangu. Niliona haya kukuomba kwa mama yako."