Tofauti Zisizopatanishika

Walimwita Mdomo wa Korti, kwa kuwa alitafsiri mahakamani, na kila mke na mume walioachana mbele ya hakimu waliachana kwa kinywa chake. Wakili husema kwa Kiingereza kwamba tofauti zao ni "irreconcilable", naye husema hazipatanishiki. Wageni wa korti hudhani neno hilo ni la chuki. Wapi! Wapo waliochukiana hasa, wakapatana palepale mlangoni. Neno hilo ni la watu ambao kila mmoja ana haki yake, na haki hizo haziwezi kukaa nyumba moja.

Ila mganga hajigangi. Ndugu zake wawili wa kiume hawakusemezana tangu baba yao afie kwenye meza ya upasuaji. Mkubwa ndiye aliyesaini apasuliwe. Mdogo alikuwa amekataa katakata. Asingepasuliwa angepona? Nani ajuaye! Sasa mama yao alikuwa kitandani, na alitaka jambo moja tu, awaone wote wawili chumbani mwake kwa pamoja.

"Wewe kazi yako kusemesha watu," alimwambia binti yake. "Nisemeshee wanangu."

Akawaita Jumapili. Wakaketi sebuleni, mmoja dirishani, mwingine karibu na mlango, wote wakimtazama yeye.

"Dada, mwambie huyo, mimi nilitaka baba apone," alisema mkubwa.

"Mwambie na mimi nilitaka hivyohivyo. Ndiyo maana nilikataa."

"Basi akubali tu kwamba sikumuua baba, yaishe."

"Nikikubali, dada, nitakuwa nimesema siku zake zilifika. Hazikufika!"

Naye dada yao, mazoea yana taabu, alikuwa akirudia kila neno, Kiswahili kwa Kiswahili, mpaka akajisikia, akaona haya, akanyamaza. Laiti wangetukanana! Matusi huombewa radhi. Hapa hapakuwa na wa kumwomba mwenzake radhi. Mdogo akatoka; mkubwa akangoja kwanza mwenzake afike mbali, naye akaenda zake.

Chumbani, Mama alikuwa amejiinua juu ya mto.

"Wamesemaje?"

Mkalimani huapa kutoongeza wala kupunguza. Siku hiyo alitamani mno kuongopa, na moyo ulimuuma aliposhindwa.

"Hawatakuja pamoja, Mama."

Mama akakilaza kichwa tena.

"Basi waje kwa zamu. Huyu asubuhi, huyu jioni." Akavuta shuka. "Na siku ya kunizika je, mwanangu? Hiyo nayo utawapangia zamu?"