Siku Mama Mkwe Alipokataa Kubeba Sufuria Tupu

Mama mkwe wangu ana tabia ya kukagua. Ukimletea ndoo mpya, ataigeuza kwanza atazame kitako. Ukimletea mkwe, atataka kuona viganja. Siku nilipofika kuposa alinishika mikono pale pale mlangoni, mbele ya wazee niliofuatana nao, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Hivi vimewahi kushika nini?" Nikajibu kwa adabu zote, "Kalamu, mama." Akaviachia polepole, kama mtu anayerudisha nyanya mbovu kwenye fungu. Mke nilipewa, lakini najua fika kwamba nilipita kwa kuonewa huruma.

Wenzake wanamwita Bi Kagua. Anajua, na wala hakasiriki. Analima katika bonde lililo nyuma ya kituo cha afya, yeye na wanawake wengine kumi na saba, kila mmoja na kipande chake, na kijito kinapita katikati. Kipande chake ndicho cha juu kabisa, kinachogusa barabara. Alipokishika, miaka ishirini na miwili iliyopita, palikuwa jalala. Aliokota vigae vya chupa kwa mkono, karai baada ya karai, msimu mzima, na mpaka leo akiona kigae kinang'aa kwenye udongo anakiinamia kwa hasira mpya, kana kwamba kimerudi makusudi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanaharakati wa haki ya chakula. Tuna chumba juu ya duka la fotokopi, viti vya plastiki, na mabango mengi kuliko kuta. Mtaani kwetu kwenye maghorofa, ukitaka soda na biskuti unazipata kila mlango. Ukitaka mchicha ambao haujanyauka, upande gari. Basi tukapatana na bonde. Wao walime, sisi tutafute kibaraza na wateja, na mara mbili kwa wiki mboga zifike mtaani asubuhi zikiwa bado na umande, kwa bei ambayo mama wa watoto watano haimtoi jasho. Mpango ulikwenda vizuri tangu wiki ya kwanza. Baadhi yetu tuliudhika kidogo, maana hatukuwa tumemaliza hata kuandika ilani.

Mama mkwe alikuwa akinisikiliza nikieleza mambo hayo, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Mkwe wangu, hiyo mifumo ya chakula unayoisema kila siku, inapandwa msimu gani?"

"Haipandwi, mama. Ni namna jamii inavyo..."

"Aa. Haipandwi," alisema, akaendelea kufunga mafungu yake.

Nasi hatukumpa sababu ya kutuheshimu. Jumamosi moja tulishuka bondeni kupalilia, kuonyesha mshikamano. Mwenzetu mmoja tunayemwita Spika, kwa sababu kipaza sauti cha kikundi hakimtoki mkononi, alipewa tuta la karoti. Aling'oa miche yote kwa bidii, akayaacha magugu yamesimama wima. Mama mkwe alilitazama lile tuta kwa muda mrefu. "Mwanangu," alimwambia, bila hata kupandisha sauti, "wewe kazi yako ni kusema. Nenda kakae kivulini, useme."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, tukitaniana na kuuza mboga, mpaka ilipobandikwa barua kwenye lango la kituo cha afya. Baraza la mji lingekaa Alhamisi kuamua kuligeuza bonde kuwa maegesho ya magari, "kwa kuwa ni ardhi wazi, isiyo na mazao wala matumizi." Mama mkwe alinitaka niisome mara mbili. Mara ya pili aliniwekea kidole kwenye neno "mazao" nisiliruke. Halafu akageuka akaenda zake kuchuma. Kesho yake mke wangu aliniambia kwamba mama yake hakugusa chakula, na tangu nimwoe sikuwahi kusikia habari kama hiyo. Hapo nikaogopa kweli.

Tukaitisha kikao. Wanawake wa bondeni walikaa kwenye viti vyetu vya plastiki, vikapu mapajani, nami nikasimama na wazo langu nililolikeshea. Maandamano ya sufuria tupu! Kila mtu aje na sufuria na kijiko, tusimame nje ya ofisi za baraza, tugonge mpaka masikio yao yazibe. Tuwaonyeshe njaa itakayokuja bonde likiondoka. Wenzangu walipiga makofi hadi mwenye duka la fotokopi akapanda kuuliza kuna nini. Wanawake wa bondeni hawakupiga makofi. Kwenye muhtasari niliandika kwamba wamekubali.

Mama mkwe ndiye pekee aliyeuliza.

"Tupu kabisa?"

"Tupu kabisa, mama."

"Na watu mmewaita?"

"Wengi, mama. Hata waandishi wa habari."

"Haya," akasema, akasimama kujifuta vumbi. Mtu mwenye akili angejua maana ya ile "haya".

Alhamisi saa nne tulikuwa uwanjani, mbele ya ngazi za ofisi za baraza. Tuligonga sufuria kwa nguvu zetu zote. Spika alikuwa na kipaza sauti chake, njaa, njaa, njaa, na mwandishi mmoja alishaanza kupiga picha. Mambo yalikuwa yananoga. Ndipo nikawaona wanawake wa bondeni wanatokea kwenye kona, kumi na wanane kwa mstari, sufuria vichwani, mifuniko imefungwa kwa vitambaa, na mvuke unatoka pembeni.

Nilimkimbilia mama mkwe. Heshima ya mkwe nusura initoke.

"Mama! Tulikubaliana ziwe tupu!"

"Mlikubaliana nyinyi." Aliitua sufuria chini kwa uangalifu. "Nimewaita watu wa watu, wamesimama juani tangu asubuhi, halafu niwafunulie kitako cha sufuria? Mimi? Hata waliokuja kunifukuza siwafanyii hivyo. Shika huo mfuniko, unachoma."

Nikaushika. Ulikuwa unachoma kweli.

Wakafunua zote. Maharage, maboga, bilinganya, mchicha, viazi vya kijitoni, kila mmoja na alichovuna jana yake. Harufu ile ilipanda ngazi za baraza bila kuomba ruhusa. Wa kwanza kuja alikuwa mfagizi wa uwanja, kisha madereva, kisha makarani wawili waliosema wametoka kupunga hewa. Mimi nilizunguka nikiwasihi wenzangu waendelee kugonga. Lakini kelele zilikuwa zinafifia, na nilipogeuka nikaona kwa nini: vijiko vilikuwa vinywani. Spika mwenyewe alikuwa amekiweka kipaza sauti chini, anapuliza boga. Nakiri kwamba nilitaka kulia. Kesho gazeti lingeandika kwamba wakulima wamefanya karamu, na bonde letu lingekwenda na maji.

Ndipo afisa ardhi aliposhuka, faili kwapani, uso umekunjwa. Alikuja kutuambia kwamba uwanja wa serikali si jiko.

"Shikamoo, mama," alianza, maana mvi za mama mkwe zinamlazimisha mtu.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mwenye ile barua?"

"Niliiandaa mimi, ndiyo. Lakini mama, hapa hamruhusiwi..."

"Nisomee tu pale penye mazao. Huyu mkwe wangu alinisomea, lakini yeye ana maneno mengi, sijui kama hakuongeza yake."

Watu wakacheka. Afisa akafungua faili, pengine kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kubishana, akasoma, "Isiyo na mazao wala matumizi."

"Isiyo na mazao," alirudia mama mkwe. Akachukua mwiko. "Haya maharage ni ya kipande changu, pale juu barabarani. Hilo boga ni la huyu dada, la pili kutoka kwangu. Bilinganya za yule pale. Viazi vya yule mwenye kilemba. Ukitoka huku unakwenda hivi mpaka darajani." Alimtembeza kwenye sufuria kama anavyomtembeza mgeni shambani, moja moja, bila haraka, na yule mtu akamfuata na faili lake. Walipofika ya mwisho akamwuliza, tena kwa upole, "Baba, ulipita njia gani ulipokwenda kutazama, usiyaone yote haya?"

Karani mmoja alikuwa ameacha kutafuna.

"Sikwenda, mama," alisema afisa. "Niliandika kwa kutazama ramani."

Mwandishi wa habari aliandika hayo. Madirishani juu wajumbe wa baraza walikuwa wamejaa, na wote waliyasikia. Mimi nilisimama pale na sufuria yangu tupu mkononi, na aibu ikanipanda kutoka miguuni. Barua yote ilisimama juu ya neno moja, kwamba bondeni hakuna kitu, na mimi msomi nilitaka watu kumi na wanane waje mbele ya baraza kuonyesha kwamba hawana kitu.

Uamuzi uliahirishwa. Jumatatu afisa alifika bondeni, akatembezwa vipande vyote mpaka viatu vikajaa tope, na safari hii aliandika alichokiona. Baraza likatoa hati: bonde libaki la kilimo kwa miaka kumi. Tulishangilia mpaka tulipofika ukurasa wa pili. Barabara ingepanuliwa, na kipande cha juu kingechukuliwa chote.

Ni kipande cha mama mkwe. Tulikata rufaa, tukaandika barua, Spika akasema mpaka sauti ikakauka, safari hii kwa kazi yenye maana. Haikusaidia. Mama mkwe alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wenzangu wamepona. Basi." Kisha akaenda kuvuna maharage yake ya mwisho, na nilipomfuata nikamkuta amekaa chini kwenye tuta, mwiko wa kupandia miche mapajani, analia. Sikujua pa kuweka mikono yangu. Nikakaa tu karibu naye, chini, mpaka akajifuta macho.

Wiki ile niliandaa kikao. Nilichapa ajenda: namna ya kumtafutia mama kipande kingine, kamati ndogo, tarehe ya kuleta mapendekezo. Nilishuka bondeni asubuhi kuwagawia karatasi. Niliwakuta wanawake wote kumi na saba kazini, kila mmoja kwenye kipande chake, anapima kwa hatua na kuchomeka vijiti. Nikamwuliza mwenye kilemba wanafanya nini.

"Tuta la mama yako," alisema. "Kila mtu anamkatia moja."

"Mmekaa lini mkaamua?"

Akanishangaa. "Tukae tuamue nini?"

Nikatazama bonde zima, kutoka juu mpaka darajani. Ardhi nzuri pale ni ile ya pembeni ya kijito, ambayo hata kiangazi haikauki, na kila mmoja anayo kidogo tu. Vile vijiti vyote, kumi na saba, vilikuwa vimechomekwa kando ya maji.