Tawi la Bomba la Kiwanda cha Vigae

Baba alizikwa Matombo siku ya Jumamosi. Alhamisi iliyofuata nilikuwa Morogoro mjini, kikazi. Bosi wangu wa Dar aliniambia ningeweza kukataa, ila kwa kuwa ni kwetu ingefaa niende mimi. Nikaenda. Kukataa kungehitaji maelezo.

Kazi yangu kwenye kampuni ya gesi ni kuwaeleza wateja jinsi gesi itakavyowafikia. Aliyetuita safari hiyo alikuwa mzee mwenye kiwanda cha vigae nje kidogo ya mji. Tanuri lake linakula kuni na makaa ya mawe, naye alitaka gesi. Bomba kuu liko mbali, upande wa Pwani. Kumfikia kulihitaji tawi refu, na mwisho wa tawi kituo kidogo cha kupunguza nguvu ya gesi na kuipima.

Nilimwamkia, akaitikia, akaniita binti. Chai ikaletwa. Nikafungua karatasi zangu nikasema yale ninayoyasema siku zote. Wateja wengine hawawezi kubebeshwa gharama za tawi linalomfaa yeye peke yake, kwa hiyo njia ni mbili. Alipie ujenzi wote mwanzoni, kisha anunue gesi kwa bei ya kawaida. Au kampuni ijenge kwa fedha zake, naye azirudishe kidogo kidogo ndani ya bei, na asaini kwamba atachukua kiasi fulani kila mwezi kwa miaka kumi na mitano. Asipokichukua, atakilipia vilevile.

Nilijisikia nikiongea kama redio ya chumba cha jirani.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Nikilipa yote mwanzoni, bomba ni la nani?"

"La kampuni, mzee."

Akauliza itakuwaje jirani akitaka kujiunga humo humo. Nikamwambia jirani atachangia, na yeye atarudishiwa sehemu. Akatikisa kichwa taratibu, bila hasira, akasema atafikiri. Wakati wa kuagana aliniuliza kwa nini nimevaa nyeusi. Nikamwambia nimefiwa na baba. Akanishika mkono akanipa pole. Nikashukuru kwa sauti ileile niliyosomea bei.

Kesho yake nilipanda Matombo kwa bodaboda. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ananingoja barazani pa nyumba niliyomjengea baba. Nyumba ipo kwenye ardhi ya ukoo wao, na sisi Waluguru tunafuata ukoo wa mama. Mimi si wa ukoo ule. Alizunguka kidogo, akaulizia barabara, akaulizia kazi.

Kisha akasema, "Mwanangu, nyumba atakaa binamu yako. Wewe chukua chochote cha baba yako unachokitaka."

Nilikuwa naujua utaratibu huo tangu utotoni. Nikasema sawa. Nikachukua sweta lake la kijani. Shangazi akanifungia ndizi na mdalasini, akanisindikiza mpaka njiani.

Miezi mitatu baadaye mzee wa vigae aliandika kwamba hatasaini kwa sasa. Ataendelea na kuni. Niliiweka barua kwenye faili lake.

Nimelia mara moja tu tangu msiba. Nilikuwa benki, mchana, nimekaa nasubiri namba yangu, na hakuna aliyeniambia neno. Mama mmoja pembeni yangu akanipa leso. Namba ilipoitwa nikaenda dirishani.