Hati Iliyobaki Ng'ambo ya Mto

Watu wa mji wa Wote walimwita Mulinge kwa jina la kazi yake, Samansi, yaani hati ya kuitwa kortini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepeleka hati za mahakama kwa pikipiki, Kathonzweni mpaka Makindu, na mara nyingine hata upande wa Kitui. Hakuwa polisi wala karani wa korti. Alikuwa na leseni yake mwenyewe, na mawakili ndio waliomtuma. Kesi ya shamba au ya mpaka ikifunguliwa, yeye ndiye aliyempelekea mshtakiwa habari. Hukumu ikitoka, yeye ndiye aliyeifikisha mlangoni. Akisharudi aliapa kwa maandishi kwamba ameifikisha, na korti ilimwamini.

Alizoea kuambiwa na mtu mwenyewe kwamba mtu huyo amesafiri. Alizoea mbwa. Ambacho hakukizoea ni kuwa hata bila hati watu walimkwepa. Siku moja alialikwa harusi, akatia mkono ndani ya koti kutoa bahasha ya zawadi, na baba ya bwana harusi akarudi nyuma hatua mbili. Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, lakini hakungoja chakula. Mkewe alikuwa ameshafariki. Binti yake, Kalekye, aliolewa Thika na alipiga simu Jumapili, mara nyingi akiwa na haraka.

Mwezi wa pili mwaka huu, wakili Yvonne alimwita ofisini akampa hukumu. Mama mmoja wa Kathonzweni, Wayua, alitakiwa kuhama shamba katika siku tisini. Shemeji yake alikuwa ameliuza kwa Mbogo, mfanyabiashara wa Makindu, na Mbogo alitaka alichonunua.

"Huyu mama hakuwahi kujibu kesi, wala kuja kortini," Yvonne alisema. "Mpe, atie kidole, urudi, mzee."

Mulinge alikuwa ameshapita soko la Kathonzweni jina la Wayua lilipomrudia. Akapunguza mwendo, lakini hakugeuza.

Alimkuta Wayua uani akipepeta ndengu. Alikuwa mama wa miaka sabini hivi, mwembamba, kitambaa kimefungwa chini kwenye paji la uso. Hakumjua mgeni wake, wala hakuuliza. Alimvutia kigoda.

"Karibu mwanangu. Jua ni kali, kaa hapa kwa kivuli."

Akamletea uji kwenye kikombe cha bati. Ilikuwa miaka mingi tangu Mulinge apewe kitu cha kunywa katika nyumba aliyotumwa. Alijua anapaswa kusema kwanza kilichomleta. Akanywa. Wayua akamweleza jinsi mvua ilivyomdanganya, na jinsi kunguru walivyofukua mbegu, naye akaitikia kama mtu aliyekuja kusalimia tu.

Kikombe kilipofika nusu, alitoa karatasi.

"Nisomee," Wayua alisema. "Macho yangu hayaoni maandishi, na hata yangeona, sikusoma."

Akamsomea pole pole, akigeuza Kiingereza kuwa Kikamba. Mama akaacha kupepeta.

"Kesi gani? Mimi nimeshtakiwa lini?"

"Novemba mwaka wa mafuriko, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Korti inasema uliletewa samansi hapa nyumbani, ukapewa mkononi."

"Nani alileta? Mwaka ule mto ulitufungia wiki mbili, hata mgonjwa hakuvuka."

Mulinge aliukumbuka mto ule. Alikuwa amesimama ukingoni tangu asubuhi, amelowa mpaka mifupa, maji mekundu yakipita na miti mizima. Mwishoni aliiacha bahasha kwa Kilonzo, mwenye duka ukingo uleule, akaahidiwa kwamba maji yakipungua itavushwa. Alirudi Wote, akakuta hati ya kiapo imeshapigwa chapa: *nilimkabidhi yeye mwenyewe, nyumbani kwake*. Akatia sahihi. Wiki iliyofuata alikuwa na hati nyingine za kupeleka, na hakumuuliza Kilonzo tena.

"Aliyeapa kwamba alikuletea ni mimi," alisema.

Wayua aliinuka, akachukua kikombe mkononi mwa Mulinge na uji ukiwa bado ndani.

"Mume wangu amezikwa pale nyuma," alisema. "Na wewe umekaa hapa unakunywa uji wangu."

Mulinge hakumwomba atie kidole. Aliondoka na karatasi yake.

Alirudi ofisini akamweleza Yvonne yote, naye akamsikiliza mpaka mwisho. "Unajua leseni itaenda? Unaweza hata kushtakiwa," alisema. "Mimi ni wakili wa Mbogo, siwezi kukushauri. Lakini ukishaniambia, siwezi kurudi kortini nikasema mama alipewa. Tafuta wakili wako."

Hakutafuta. Aliandika maelezo kwa mkono wake, akampelekea wakili aliyekubali kumsimamia Wayua bila malipo.

Siku ombi la kufuta hukumu liliposikizwa, alipanda kizimbani. Mbogo alikaa mbele, mikono kifuani, mtu aliyenunua kwa haki yake na kungoja. Hakimu aliuliza mwenyewe.

"Tarehe hiyo ulifika nyumbani kwa huyu mama?"

"Hapana."

"Mbona uliapa?"

"Nilikuwa nimechoka, mheshimiwa. Nimelowa. Na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza."

Hukumu ilifutwa, kesi ikaamriwa ianze upya. Habari zake zikapelekwa kwa wanaotoa leseni, na kabla mwezi haujaisha barua ikaja: asipeleke tena hati ya mahakama yoyote.

Nje ya korti Mbogo alimsimamisha. "Mzee, umenirudisha mwanzo," alisema, akaenda zake. Wayua alipita akishikwa mkono na mkaza mwanawe. Mulinge alivua kofia.

"Mwaitu, nisamehe."

"Nimesikia," alisema Wayua, bila kusimama.

Sasa Mulinge hubeba machungwa kutoka mashambani hadi barabara ya lami. Hakuna anayemkimbia tena. Hakuna anayemwita pia. Simu iliyokuwa ikilia kutoka ofisi tatu za mawakili hukaa kimya mpaka Jumapili. Kalekye alipomuuliza kazi inaendaje, alimjibu kwamba machungwa ni mengi mwaka huu.

Mwezi wa nane kesi ilipotajwa, alivaa koti akaenda, ingawa hakuitwa. Alikaa benchi la nyuma. Wayua alieleza alivyoolewa katika shamba lile na akina nani waliomzaa mume wake, na mara hii kila neno liliandikwa. Kesi ikaahirishwa mpaka mwezi wa kumi. Watu walipotoka, karani mgeni alimkuta bado amekaa.

"Mzee, wewe ni wa kesi gani?"

"Si wa kesi," Mulinge alisema. "Nasikiliza tu."

Akauliza tarehe ile ya mwezi wa kumi, akaiandika kwenye kiganja.