Hadithi Nilizompa Mungu Anitunzie

Nilikuwa namalizia kuandika mchezo wa Krismasi wa kanisa letu hapa shamba la chai, lakini hadithi mpya hazikunipa nafasi. Basi kila adhuhuri nilipiga magoti nyuma ya stoo ya majani, nikamsimulia Mungu moja anitunzie.

Punde wachumaji wote wakazijua. Nilimshuku Ogutu, karani mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja, kwamba ananisikiliza nikisema usingizini. Nikalala nimejifunga kitambaa mdomoni, bado zikatoka. Jana nikamwita mwizi mbele ya watu kwenye mizani.

Mama Nyaboke, mchumaji, akatua kikapu. “Karani, wewe unaomba kwa sauti, na sisi tunakula upande ule mwingine wa mabati ya stoo. Lakini ile ya mjane wa Sotik uliifunga kwa amina mapema. Aliolewa ama hakuolewa?”