Samaki Mwenye Watoto Mdomoni

Hata leo, harufu ya samaki mbichi ikinifikia, sichukui kisu kabla ya kumfungua samaki mdomo.

Siku ile nilikuwa mtoto, nikisafisha samaki na kambo, mama yake mama, kwenye mchanga wa ziwa, pale Nchelenge. Mama alikuwa amevuka kwenda Kongo kuuza samaki wakavu, akaniacha kwa kambo. Nikafungua mdomo wa samaki mmoja, vitoto vyake vikamwagika, vinarukaruka. Nikampiga kwa kisu.

"Muchawi! Anakula watoto yake!"

Kambo alicheka mpaka akakohoa. "Weye mutoto! Hawali hao, anawaficha. Kuku analalia mayai. Chura anaacha yake mu maji, anajiendea. Huyu anabeba yake mu kinywa, hata kula hakuli."

Nikauliza, "Na mama? Yeye ni chura?"

Kicheko chake kikaisha. "Mama yako ni kuku. Kuku anatoka kutafuta chakula, anarudi mayai yangali moto."

Tukavipeleka vile vitoto ziwani ndani ya sahani ya maji.

Mama alirudi na mvua za kwanza. Nilimkimbilia kabla mtumbwi haujagusa mchanga, nikauweka mkono wake tumboni pangu.

"Gusa, mama. Ningali moto."